Mkopo wa sola tulioukataa, kisha tukaukubali: kisa cha duka la samaki na barafu Tanga

Fomu ilifika mezani mwezi wa pili 2024. Pale penye "kusudi la mkopo" mwombaji alikuwa ameandika maneno matatu tu: Kuachana na LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Kiasi, milioni 10. Muda wa marejesho, miezi 24. Wadhamini wawili, wote wanachama wenye akiba nzuri. Juu ya fomu alikuwa amebana karatasi ya bei kutoka kwa muuza sola mmoja, yenye picha ya nyumba ya ghorofa ambayo haipo Tanga.

Nakaa kwenye kamati ya mikopo ya SACCOS yetu ndogo. Kabla ya hapo nilikuwa fundi umeme zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo karatasi yoyote yenye neno waya hutupwa upande wangu. Mwombaji namfahamu. Ana fremu upande wa Chumbageni, anauza samaki waliogandishwa, maji baridi na barafu ya mifuko. Wateja wake wa barafu ni wachuuzi wa samaki na wavuvi wadogo, na wengi wao hufika kabla jua halijachomoza. Mama mchapakazi, hajawahi kuchelewesha rejesho hata siku moja. Ingekuwa kamati inaangalia tabia ya mtu peke yake, tungesaini siku hiyohiyo.

Tulikataa, au niseme tuliahirisha, ingawa kwa mwombaji maneno hayo mawili yana ladha moja.

Hali ya wakati ule isisahaulike. Mgao wa umeme ulikuwa umetubana tangu miezi ya mwisho ya 2023. Asubuhi unaamka na umeme, saa nne unaondoka, unarudi jioni. Mtu mwenye friza nne na samaki wa watu ndani yake halali. Kijana wa sola alipita dukani katikati ya mgao, na kwa kweli hakuhitaji kusema mengi. "Mama, ukifunga hii, LUKU unaisahau." Karatasi yake ilikuwa na paneli 12 za wati 550, inveta ya kilowati 8, betri mbili za lithiamu za uniti 5 na kidogo kila moja, pamoja na ufundi. Jumla shilingi 16,800,000. Mama alikuwa na milioni 6 na laki 8 zake mwenyewe, iliyobaki ndiyo aliyoiomba kwetu.

Nilikwenda dukani jioni moja.

"Shikamoo fundi. Nasikia mmenikatalia."

"Marahaba. Hatujakukatalia, tumekuja kuuliza. Hivi, dada, unachokimbia ni bei ya umeme au kukatika kwa umeme?"

Aliniangalia kama nimeuliza mvua ni maji au ni matone. Vyote viwili, bila shaka. Lakini hapo ndipo kisa chote kilipojificha. Anayekimbia bei anahitaji paneli, na betri kidogo iwezekanavyo, kwa sababu betri haizalishi uniti hata moja, inatunza tu zilizozalishwa, na inakula sehemu yake njiani. Anayekimbia kukatika anahitaji betri na inveta kwanza, na umeme wa laini ukirudi betri inajaa bila hata paneli. Karatasi ya kijana ilichanganya maradhi mawili kwenye chupa moja ya dawa, ikatoza bei ya yote mawili.

Tukaanza na bei, kwa kuwa hiyo ina ushahidi. Watu husema hawana kumbukumbu za matumizi yao ya umeme, kumbe wanazo mfukoni. Kila ununuzi wa LUKU unaacha ujumbe kwenye simu, na kila ujumbe una idadi ya uniti. Mtoto wa dada yake alikaa na ile simu alasiri nzima, akaandika ujumbe mmoja mmoja wa miezi 12. Zilitoka uniti 7,180. Kwa siku ni uniti 19.7.

Bei nayo haina siri. Kwa mteja wa daraja lake, bei ya msingi wakati ule ilikuwa shilingi 292 kwa uniti, tangu 2016. Ongeza VAT asilimia 18, REA (ya umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (ya mdhibiti) asilimia 1, ulifika shilingi 356.24. Ndiyo maana elfu kumi ilikupa uniti 28 na ushee. Kwa mwaka mzima mama alikuwa ameunguza shilingi 2,558,000 hivi. Kodi ya jengo, inayokatwa humohumo kwenye LUKU tangu 2021, tuliitoa kwenye hesabu. Hiyo sola haiiondoi.

Sasa igawe milioni 16.8 kwa milioni 2.56. Unapata miaka sita na nusu, na kijana alikuwa ameiandika hivyo kwa wino mwekundu. Hesabu ya kugawanya ni sahihi kabisa. Kilichokosewa ni kudhani kwamba paneli zitafuta uniti zote.

Kijana aliandika "saa 8 za jua". Jua la Tanga linawaka kuanzia saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili, ndiyo, lakini paneli ya wati 550 haitoi wati 550 saa moja asubuhi. Ukikusanya asubuhi dhaifu, adhuhuri kali na jioni iliyochoka, siku ya kawaida ya pwani yetu ni sawa na saa nne na nusu hivi za jua kamili. Kisha toa robo kwa ajili ya joto (paneli ikipata moto hupunguza nguvu, na bati la Tanga saa saba mchana unaweza kukaangia yai), vumbi, waya na inveta yenyewe. Paneli 12 zingetoa kama uniti 22 kwa siku nzuri, nusu yake katika mvua za masika.

Bado ishirini na mbili ni zaidi ya kumi na tisa, utasema. Lakini friza hazilali usiku. Zaidi ya nusu ya matumizi ya duka yalikuwa nje ya saa za jua, na betri zile mbili zisingefika asubuhi. Tukikadiria kwa huruma, mfumo ungefuta uniti 15 kwa siku. Hiyo ni shilingi 1,950,000 kwa mwaka, na miaka inakuwa minane na nusu. Hapo hatujagusa riba.

Tukaigusa. Riba yetu ni asilimia 1.5 kwa mwezi, haipungui salio linapopungua. Milioni 10 kwa miezi 24 ni riba ya milioni 3.6. Rejesho lingekuwa shilingi 566,667 kila mwezi, na umeme uliookolewa ni shilingi 162,500. Laki nne zilizobaki zingetoka kwenye samaki, kila mwezi, kwa miaka miwili. Mjumbe mmoja wa kamati, mama mkimya ambaye huongea mara moja kwa kikao, alisema: "Huyu haachani na LUKU. Anaihamishia hapa kwetu." Tulicheka, ila hakuna aliyembishia.

Kijana alikuwa pia amependekeza waya uvutwe mpaka nyumbani kwa mama, mita sabini hivi kutoka dukani, "maana umeme utakuwa mwingi". Nyumbani alikuwa ananunua umeme wa 9,150, uniti zake 75, mwezi unaisha. Kwa matumizi hayo madogo ya nyumbani uniti moja ilikuwa shilingi 122 pamoja na kodi. Mwaka mzima hafiki hata laki moja na elfu kumi. Mtu wa daraja hilo akiniuliza kuhusu sola ili kuokoa pesa, huwa namwambia anunue taa ya sola ya kuchaji kwa siku za giza, basi. Nimeona watu wakikopa kukwepa shilingi 9,150.

Kwa hiyo swali la bei lilijibu "hapana", angalau kwa mfumo ule. Swali la kukatika halikuwa na ujumbe wa simu. Tukampa daftari.

Kwa siku 60, kuanzia katikati ya mwezi wa pili, yeye au kijana wake wa dukani aliandika saa umeme ulipokatika, saa uliporudi, na kilichoharibika. Nami nikaazima kipimo cha kuchomeka kwenye soketi, kile kinachohesabu uniti, nikakiweka kwenye kila kifaa kwa siku tatu tatu. Kazi hii haina utukufu wowote. Ndiyo iliyookoa milioni kumi.

Friza ya barafu ilikula uniti 6.2 kwa siku na kutoa kilo 60. Friza mpya ya samaki, 2.6. Friji la vioo la vinywaji, 3.4. Taa, feni, mizani na simu, 0.9. Friza kuukuu ya samaki, ile aliyoinunua ya mtumba miaka sita iliyopita kwa kuwa ilikuwa "nzito, ya Ulaya kabisa", ilikula uniti 5.8 kila siku kutunza samaki ambao friza mpya ya ukubwa uleule ingewatunza kwa 2.1. Mpira wa mfuniko ulikuwa umekauka, ukiweka noti ya elfu kumi pale na kufunika unaivuta bila kuhisi chochote. Ile friza peke yake ilikuwa inachukua shilingi 62,000 kwa mwezi. Mfanyakazi wa kudumu, asiyeugua wala kuomba ruhusa.

Jumlisha vyote: 18.9. LUKU ilisema 19.7. Nilirudia vipimo mara mbili nikidhani kifaa kimenidanganya, mpaka siku moja nilipomwona kinyozi wa fremu ya jirani akinyoa huku fremu yake haina mita. Kulikuwa na waya mwembamba umepita kwenye tundu la ukuta. "Ni wa kuchajia mashine tu, mzee," alisema. Na feni. Na redio. Uniti 0.8 kwa siku. Mama alikuwa amemruhusu tangu 2022 na kusahau. Waliyamaliza wenyewe, sikutaka kujua kwa bei gani.

Daftari likaleta habari mbili ambazo hakuna aliyezitarajia.

Ya kwanza ni kwamba samaki hawakuwa wakioza. Katika siku zile 60, zilizokuwa na mgao wa kweli mwanzoni, aliandika hasara ya samaki mara moja tu: kilo 11 za vibua, siku ya saa tisa bila umeme, na ni kwa sababu kijana wa dukani alikuwa akifungua mfuniko kila dakika kuangalia kama wameoza. Tulijaribu kwa makusudi. Friza iliyojaa, haijafunguliwa, saa tatu asubuhi ilikuwa nyuzi 17 chini ya sifuri. Tukaizima. Saa tisa alasiri ilikuwa 11 chini ya sifuri, samaki wagumu kama kuni. Ile iliyojaa nusu na kufunguliwa kwa wateja ilipanda mpaka 5 chini ya sifuri. Friza iliyojaa ni betri, nayo hutunza baridi. Mama alikuwa nazo mbili tayari na alikuwa anataka kukopa nyingine za lithiamu kufanya kazi ileile.

Kilichokufa kilikuwa barafu. Maji yaliyoganda nusu hayauziki. Kilo moja aliiuza shilingi 300, na umeme wake ulikuwa kama shilingi 37. Kwa hiyo siku bila barafu ilimnyima shilingi 18,000, na kumwokolea umeme wa elfu mbili na mia mbili. Siku 20 za mwanzo kwenye daftari zilikuwa na saa 92 bila umeme, karibu zote mchana, na barafu ilikosekana kabisa siku 14. Siku 40 zilizofuata, saa 41 tu, vipande vifupi vifupi, na barafu ilikosekana siku 2.

Hapo katikati ndipo mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere kule Rufiji ulipoanza kuingiza umeme kwenye gridi. Bwawa lile lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, na kadiri ilivyokuwa ikiwashwa mgao ukawa unayeyuka. Kama mama angesaini mkataba wa sola mwezi wa pili, angekuwa amenunua mwavuli wa milioni 16.8 siku mvua inakatika. Sisemi umeme haukatiki tena. Unakatika, ila sababu sasa ni nguzo, transfoma na mti ulioangukia waya, na hayo huchukua saa moja au mbili.

Habari ya pili nilipaswa kuiona mapema, nikaona aibu. Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, mama alikuwa ameandika gharama za mafundi wa friji za mwaka uliopita. Kompresa mbili zimeungua, shilingi 310,000 kila moja. Jumla 620,000. Nilibaki dukani mpaka saa mbili usiku na kipimo cha volti. Umeme unaotakiwa kuwa volti 230 ulikuwa 178. Kompresa ikipewa umeme mdogo hivyo inahangaika kuwaka, inapata moto, na siku moja haiamki. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, friza zote nne zinadai kuwaka kwa pamoja, na hilo nalo linaumiza.

Baada ya kuungua huko alikuwa ameweka gadi, kile kifaa kinachochomekwa kati ya soketi na friji. Zilikuwa nzuri, zikifanya kazi yake: volti zikishuka chini ya 185 zinakata. Maana yake kila jioni, kati ya saa moja na saa nne, friza zake zilikuwa zimezimwa na gadi huku taa inawaka. Mama alifikiri ni mgao. Mle dukani palikuwa na mgao wa pili, wa kujitengenezea.

Tulimwita kwenye kikao cha mwezi wa tano. Tukamwambia ombi la milioni 10 hatulipitishi, lakini tuko tayari kwa shilingi 1,750,000: friza mpya 950,000, stabilaiza kubwa ya duka zima (kifaa cha kuweka volti sawa) 420,000, na 380,000 za kutandika upya waya, kuweka athi ya kweli (waya wa kwenda ardhini) na kinga ya umeme wa ghafla. Miezi 12, riba 315,000, rejesho shilingi 172,000 na kidogo.

Hakufurahi. Alikuwa ameshawaambia watu anafunga sola. Kuna heshima fulani ya paneli juu ya bati ambayo stabilaiza ndani ya kona haiwezi kukupa, na sidhani ni dhambi kuitaka. Aliuliza kama ningekuwa mimi ningefanya hivyo. Nikasema ndiyo, na kwamba kwangu nyumbani sina paneli hata moja. Hilo ndilo lililomridhisha, sio hesabu.

Baada ya hapo matumizi yalishuka. Friza mpya iliondoa uniti 3.7, waya wa kinyozi 0.8, na kuzima friji la vinywaji usiku (soda ya saa tisa usiku anainywa nani?) ikaondoa 0.8 nyingine. Kutoka 19.7 hadi 14.4. Kwa mwaka ni kama 689,000, na kompresa haijaungua tena. Mkopo wote na riba yake ni milioni 2 na elfu 65. Ukijumlisha na zile 620,000 za kompresa, unarudi kwa mwaka mmoja na miezi saba hivi. Hakuna paneli duniani iliyokuwa na uwezo huo katika duka lile.

Mwezi wa nne 2025 alirudi na karatasi mpya ya bei, mwezi mmoja kabla ya kumaliza rejesho. Safari hii aliiandika yeye mwenyewe kwanza, kisha akaipeleka kwa wauzaji watatu wajaze bei. Paneli 6, inveta ya kilowati 5 ya kuchanganya jua na umeme wa laini, betri moja ya uniti 5. Nafuu kuliko wote alikuwa milioni 6.3. Bei za paneli duniani zilikuwa zimeanguka sana 2023 na 2024, na safari hii anguko hilo lilikuwa limefika hadi Tanga.

Mbona sasa tukubali tulichokataa? Kwa sababu hiki hakikuwa kile. Paneli 6 zilipangwa kulisha barafu. Friza ya barafu iliwekewa taima, inafanya kazi kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni, jua likiwa juu, na barafu inauzwa alfajiri inayofuata. Jua linatunzwa kama barafu badala ya kutunzwa kwenye betri, na barafu ina soko. Betri moja ni ya kuiwezesha inveta kusimama peke yake umeme ukikatika na kubeba mshtuko wa kompresa zinapowaka, pamoja na saa chache za jioni. Kuna mjumbe aliuliza kwa nini sio betri za maji au jeli, ni rahisi zaidi. Ni rahisi siku ya kununua. Hizo hutakiwi kuzitumia zaidi ya nusu, na joto la Tanga linazimaliza mapema.

Tulikadiria uniti 9.2 za jua zitakazotumika kweli kwa siku, sawa na shilingi 1,196,000 kwa mwaka. Yeye ana milioni 2.8, sisi 3.5 kwa miezi 18, riba 945,000. Jumla ya kila kitu 7,245,000. Miaka sita na ushee kwa hesabu ya LUKU pekee. Si biashara ya kushangilia. Lakini siku yoyote umeme unapokatika mchana barafu inaendelea, na hiyo ni shilingi 18,000 ambazo hazimo kwenye hesabu ile. Niliunga mkono, mjumbe mmoja akapinga, na namheshimu kwa kupinga kwake. Alisema miaka sita ni mingi kwa mtu ambaye paa si lake.

Na hapo alikuwa sahihi kiasi cha kutufanya tusimamishe malipo kwa wiki tano. Fremu ni ya kupanga. Kodi inalipwa kwa miezi sita sita. Ungeweza kufunga paneli leo, na baba mwenye nyumba akapandisha kodi kesho, kwa sababu ameona mpangaji ana pesa mpaka za kuweka juu ya bati. Sharti letu likawa mkataba wa miaka mitano, kodi isiyopanda zaidi ya kiasi walichokubaliana, na kifungu kinachosema waziwazi kwamba paneli, vyuma vyake, inveta na betri ni mali ya mpangaji, na akihama anavifungua. Mzee alisaini baada ya kuahidiwa taa mbili za nje zinazowaka usiku kucha. Kwa balbu za wati 9 nilimwambia mama akubali haraka kabla mzee hajafikiria kuomba friji.

Paa lenyewe lina mgongo unaogawa mashariki na magharibi. Huku kwetu kusini mwa Ikweta paneli hupendelea kuangalia kaskazini, ila Tanga iko nyuzi tano tu kusini, jua linapita karibu utosini, na paneli zikilala upande wa mashariki hupoteza kidogo tu. Upande wa magharibi kuna mwembe wa jirani ambao kuanzia saa nane na nusu mchana unatupa kivuli. Kivuli cha tawi moja kwenye paneli moja kinavuta chini zote zilizofungwa kwenye mstari mmoja nayo, jambo ambalo karatasi ya kwanza yenye paneli 12 haikulitaja, ingawa nusu yake ingekaa chini ya mwembe. Zilizofungwa zote 6 ziko mashariki. Vyuma ni vya alumini, kwa sababu chumvi ya bahari hapa hula bati kama mchwa. Boliti za mwisho zilipondwa vichwa ili mwizi apate shida kuzifungua. Mafundi walitaka kutumia waya mwembamba waliobaki nao kwenye kazi nyingine. Niliwarudisha. Vishoka, wale mafundi wa ujanjaujanja, hawako kwenye nguzo peke yake.

Umeme wa jua uliwashwa mwishoni mwa mwezi wa tano, mvua zikiwa zinaendelea, na wiki ya kwanza ulitoa uniti 5 na 6 kwa siku. Mama alinipigia simu kila jioni. Nilimwambia asubiri. Mwezi wa saba, hali ya hewa imetulia na baridi kidogo, ulikuwa unagusa 10. Mwezi huo alinunua LUKU ya shilingi 54,000. Kabla ya yote haya ilikuwa laki mbili na zaidi kidogo.

Kijana wa kwanza wa sola alisikia, akapita tena dukani. Akaona betri moja, akasema, mama, ongeza ya pili, LUKU unaisahau kabisa.

Mama alikuja ofisini kwetu mwezi wa nane. Nilipomwona mlangoni na fomu mkononi nikajua, nikanyoosha mkono kuomba daftari. Alikuwa ameshalitoa kwenye mkoba kabla sijafungua mdomo. Tangu paneli zifungwe, umeme ulikuwa umekatika usiku zaidi ya saa sita mara mbili tu, na mara zote mbili samaki walikuwa wagumu asubuhi.

"Betri sitaki," akasema. "Nataka guta la kupelekea barafu Sahare na Deep Sea. Wavuvi wanasema nikiwafikia mwaloni wananunua kilo themanini."

"Themanini wakati unatengeneza sitini?"

Akafungua ukurasa mwingine.